Norris Entwistle na Gari Lisilozimwa

Madereva wa mabasi wa mji wa Clegshaw, wale wa zamani, walikuwa na mwiko wao mmoja: injini ikishawaka haizimwi mpaka jioni. Mabasi ya enzi hizo yalikuwa mazito, ya dizeli, na majira ya baridi ukilizima moja saa tatu asubuhi ujue umejitafutia balaa. Haliwaki tena mpaka waje mafundi watatu na ndoo za maji ya moto. Kwa hiyo yaliwashwa saa kumi na moja alfajiri, yakanguruma uani, yakanguruma kituoni, yakanguruma hata dereva alipokwenda msalani. Dereva mmoja mgeni wa kazi alizima lake kituo cha mwisho, juu kabisa mlimani, na theluji inaanguka. Abiria walirudi mjini kwa miguu. Wenzake walimwita Muuaji mpaka alipoomba uhamisho.

Norris Entwistle aliendesha mabasi hayo miaka thelathini na minne, na alipostaafu aliondoka na mwiko wake. Aliuhamishia kwenye gari lake mwenyewe, la dizeli, la rangi ya kahawia, lenye umri wa mtu wa kuoa. Akisimama kununua gazeti, injini inawaka. Akishuka kupiga soga na jirani, inawaka. Ukimuuliza, anakwambia, "Limeshapata moto hilo, liache."

Mimi nimekaa Clegshaw miaka kumi na tisa. Nilitokea Pangani, na jina langu ni Mbaruku, lakini watu wa hapa liliwashinda wiki ya kwanza tu wakaniita Barry, nikaona ya nini kugombana na mji mzima. Miaka kumi na sita nimevaa sare ya halmashauri na kuandikia watu faini za kuegesha vibaya. Kazi hiyo haikupi marafiki wengi. Norris alikuwa mmoja wa wachache waliokuwa wakinisalimu barabarani bila kunung'unika kwanza, na aliniita kijana hata nilipotimiza miaka hamsini na mbili.

Mkewe aliitwa Avril. Zamani alikuwa kondakta kwenye basi lake. Norris alikuwa anamwambia asimame mbele, karibu na bati la injini, kwa kuwa ndipo palipokuwa na joto, na abiria wa nyuma wakawa wanapiga kelele hawajakatiwa tiketi. Ndoa ilianzia hapo. "Wengine waliletewa maua," Avril alipenda kusema. "Mimi nililetewa injini."

Makondakta walipoondolewa kwenye mabasi alifanya kazi hizi na zile, na mwishowe akawa mvusha watoto kwenye kona ya barabara ya Mill Brow, chini ya shule ya msingi. Koti refu la njano, na mti mrefu wenye kibao cha duara juu yake, kama pipi ya kijiti. Watoto walimwita Bibi Pipi kwa sababu ya kile kibao. Alisimama pale miaka ishirini na sita, asubuhi na alasiri, na kona ile ina upepo unaotoka moja kwa moja mlimani. Alimjua kila mtoto kwa jina, na nani kanyimwa chai asubuhi, na nani baba yake kaondoka nyumbani. Malori yenye matairi kumi na sita yalisimama aliponyoosha mkono.

Nyumba yao ilikuwa juu ya mlima, na nyonga ya Avril ilikuwa imeanza kumsumbua. Basi Norris alipostaafu alijipa kazi mpya. Kila siku ya shule, saa tisa kasoro dakika tano alasiri, alifika na gari lake, akaegesha chini ya nguzo ya taa, hatua kumi kutoka kwenye kivuko, akawasha hita mpaka mwisho, akangoja. Shule inatoka saa tisa na robo. Avril alipomvusha mtoto wa mwisho alikuta kiti kina joto, glovu kavu zimewekwa juu ya hita, na chai kwenye thamosi. Miaka kumi na moja hakukosa hata siku moja. Wanawake wengine wa mtaa waliwatolea waume zao mfano huo, na waume zao walimchukia Norris kimyakimya.

Kikohozi cha Avril kilianza kama vikohozi vyote vya hapa, kwa mafua. Mafua yakaisha, kikohozi kikabaki. Hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake. Alipokwenda hospitali walimpiga picha za kifua wakamwambia mapafu yanaanza kukakamaa, hayakunjuki tena kama inavyotakiwa, na dawa zipo za kuyachelewesha lakini si za kuyarudisha. Aliporudi kazini Jumatatu nilimuuliza wamesemaje. Akanijibu, "Wamesema niache kupiga kelele. Nikawaambia hiyo haiwezekani, mpenzi, mimi nina watoto mia mbili na arobaini." Hapa kila mtu ni mpenzi, hata askari wa kuandika faini.

Mwaka huohuo halmashauri ilitundika vichupa vidogo vya kupimia hewa kwenye nguzo za taa karibu na shule zote. Kila mwezi vilishushwa vikapelekwa maabara. Cha Mill Brow kilitundikwa kwenye nguzo ile ile ya kona, na majibu yalipotoka ndicho kilichokuwa na hewa chafu kuliko vyote vya mji. Wazazi wakaja juu. Ukaitishwa mkutano kwenye ukumbi wa shule, mwezi wa tisa, kujadili kama wenye magari yanayosimama na injini zikinguruma waanze kupigwa faini.

Walizungumza wengi, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Halafu Avril akasimama. Aliongea kidogo, akakohoa, akaongea, akakohoa, na ukumbi mzima ukangoja. "Mimi sijui sayansi," alisema. "Ninachojua, watoto wa siku hizi wananifikia hapa, kwenye kiuno, na ekzosi ziko huku huku chini. Sisi watu wazima tunapumua moshi wa juu, uliokwisha tawanyika. Wao wanapumua ule wa kwanza. Zimeni hayo magari." Watu walipiga makofi, wengine wanalia. Aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa Norris. Alisimama kabisa. Nilikuwa nyuma yake, na nakuapia haikumpitia akilini kwamba mkewe alikuwa anamsema na yeye. Hata Avril, nadhani, hakumhesabu. Magari yaliyokuwa yakisemwa ni yale makubwa ya akina mama wa mtaa wa nyumba mpya, waliokuja kuchukua watoto. Norris alikuwa Norris.

Faini ikapita, na Mill Brow nikapangiwa mimi. Utaratibu ulikuwa wa kiungwana: unagonga kioo, unamwomba dereva azime, akizima, asante, mmeachana. Akikataa ndipo unaandika. Wengi walizima. Walinitukana kwanza, lakini walizima.

Norris nilimgongea kioo siku ya tatu.

"Barry, kijana! Ingia ndani, unaganda nje huko."

"Norris, zima gari."

"Nani, mimi?" Alicheka kwa dhati. "Mimi sikusimama bure, bwana. Nampashia Avril joto."

"Najua. Sheria haiulizi unampashia nani."

"Basi iulize. Nenda kaiambie sheria mke wangu kasimama kwenye upepo saa nzima na kifua kibovu. Ikirudi na jibu, njoo."

Nilimwacha. Siku ya pili nikamwomba tena, akanipa biskuti dirishani. Wiki ikapita hivyo. Wazazi nao si wajinga. Wakaanza kuniuliza kwa nini wao wazime na babu yule hazimi, au kwa sababu ni swahiba wangu? Mkuu wangu wa kazi akaletewa malalamiko. Akaniita akaniambia, kesho uandike au unieleze kwa nini.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa kumi na moja, mvua ya barafu, na mimi nilikuwa nimetukanwa tangu asubuhi. Nilimgongea Norris kioo. Mama mmoja upande wa pili alikuwa anatupiga video kwa simu.

"Norris, leo sina mchezo. Zima."

"Dakika mbili tu, anakuja."

"Zima, au naandika."

Uso wake ukabadilika. Nadhani aliona ile simu. "Andika," alisema. "Andika, Barry. Siku hizi wakimpa mtu kofia na kitabu anajiona jenerali. Mimi nilikuwa naendesha basi kwenye barabara hii wakati wewe hata baridi hujui ni nini."

Maneno hayo nimeambiwa mara nyingi na watu wa ovyo, yananipita. Kutoka kwa Norris hayakunipita. Mimi nina ulimi unaotangulia akili, na siku ile ulitangulia mbali. Niliandika paundi zake ishirini, nikambandikia karatasi kiooni, na badala ya kuondoka nikainama dirishani.

"Kwa kuwa baridi unaijua sana, tazama juu. Unakiona kichupa kile? Ndicho kilichokutwa na hewa mbaya kuliko vyote vya mji huu. Na chini yake anaegesha nani kila siku ya Mungu? Miaka kumi na moja, Norris. Hatua kumi kutoka kwenye kifua cha mkeo."

Alitazama juu. Akatazama ekzosi kwenye kioo cha pembeni. Halafu akamtazama Avril, aliyekuwa katikati ya barabara na mti wake, akikohoa, watoto wanapita mbele yake.

Akazima gari.

Nilikuwa sijawahi kulisikia likiwa kimya. Sikujisikia vizuri hata kidogo, ila nilikuwa bado na hasira, nikaenda zangu. Nilimsikia Avril akifungua mlango nyuma yangu. "Mbona humu ndani baridi?" Na Norris akamjibu, "Hita imekufa."

Tangu siku hiyo hita ile haikupona. Mtu aliyekuwa akifungua gia ya basi na kuirudisha mahali pake kabla chai haijapoa, hita ilimshinda. Avril alimtania wiki mbili, halafu akamkaripia, halafu akanyamaza. Norris aliacha kabisa kuja na gari shuleni. Alikuja kwa miguu, akamletea mfuko wa mpira uliojaa maji moto wa kuweka chini ya koti na blanketi la kujifunga begani, wakapanda mlima ule taratibu, wakisimama kila nguzo ya pili ili apate pumzi. Safari ya dakika nne kwa gari wakaifanya dakika arobaini. Nilikuwa nawaona. Mara mbili nilitaka kwenda kumwambia kitu, na mara mbili nikajifanya nina gari la kuandika.

Norris alimfuata daktari peke yake. Hilo alinisimulia baadaye. Alimuuliza, "Ni mimi?" Daktari akamwambia hakuna anayeweza kusema, mji huu ulikuwa na viwanda, nyumba za hapa zina ukungu wa unyevu, baba yake Avril alivuta kiko miaka yote, na mapafu ya watu wengine hukakamaa tu bila sababu. Norris akasikia moja katika hayo yote, kwamba daktari hakusema siyo. Siku nyingine alisoma gazetini kwamba hita ya gari huvuta hewa ya nje na kuiingiza ndani. Basi. Hata walipolazimika kutumia gari kwenda hospitali, hita haikuguswa. Mbele ya kila taa nyekundu alizima injini. Avril alikaa na mablanketi mawili, skafu, na ule mfuko wa maji moto miguuni, na midomo yake ilikuwa ya buluu wakishuka.

Mwezi wa pili hakuweza tena kusimama. Watoto walimtengenezea kadi kubwa ya kumuaga, ukubwa wa mlango, wengine wamemchora mrefu kuliko shule. Kivuko akapewa mwanamke mwingine, mpole, ambaye malori hayakumwogopa. Avril akaletewa mtungi wa oksijeni nyumbani.

Katikati ya mwezi wa tatu Norris alifika na gari, saa tisa kasoro dakika tano, akaegesha mahali pake pa zamani na kulizima hapohapo. Avril alikuwa kiti cha mbele. Alikuwa amemwomba ampeleke akawaone watoto wakivuka. Amekonda mpaka nilimsalimu kwa kuchelewa, na mrija wa oksijeni umepita chini ya pua. Ila macho yalikuwa yake.

"Barry, mpenzi. Unene huo unakupendeza."

"Ni koti, Bi Avril."

"Ndiyo, ni koti."

Siku ile ilikuwa ya jua bila joto, na upepo umejaa. Norris alimfunika kwa kila kitu kilichokuwemo ndani ya gari, mpaka koti lake mwenyewe. Nilikuwa nimesimama pale pale dirishani, na nikasikia yote.

"Norris, washa kidogo. Vidole vimekufa ganzi."

"Hita imekufa, mpenzi."

"Nimekaa nawe miaka arobaini na mbili," Avril alisema, taratibu, neno moja kwa pumzi moja, "hata siku moja hujaweza kunidanganya. Kwa nini hutaki kuwasha?"

Norris alishika usukani akatazama mbele. Mimi nikainama. "Washa, Norris," nikasema. "Leo siandiki. Nakuomba washa." Akatikisa kichwa. Avril alitutazama sote wawili, mmoja baada ya mwingine, na alikuwa mwepesi wa kuelewa tangu zamani.

"Nani kamwambia?"

"Mimi," nikasema.

"Ulimwambia nini?"

Nikamweleza. Sikuficha neno. Alifumba macho kidogo. "Wewe ni mjinga, Barry," alisema. "Mjinga na nusu." Halafu akamgeukia mumewe. "Kwa hiyo umenigandisha majira yote ya baridi kwa ajili ya maneno ya huyu?"

Norris akawa analia. Sauti haitoki, mabega tu. Akasema, "Ilikuwa hapa hapa, Avril. Kila siku. Nilikuwa nakuvutisha moshi."

"Sikiliza." Alimshika mkono. "Nikiwa pale katikati, miguu inaniuma, mvua inaingia shingoni, nilikuwa naangalia upande huu. Nikiuona moshi wa gari lako ukishuka nyuma ya ukuta wa kona najua umefika. Nauona moshi kabla sijaliona gari. Na miguu inaacha kuuma, Norris. Mambo yote yalikuwa yanakwisha hapo. Sasa wewe unataka kuniambia yale yalikuwa sumu?" Alipumzika. "Labda yalikuwa. Nisingeyaacha."

Akanyoosha mkono mwenyewe na kuuzungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikawaka. Hita ikaanza kupuliza, hewa ya baridi kwanza, kama kawaida ya hita zote. Norris hakumzuia. Avril aliweka vidole vyake mbele ya tundu la hewa akangoja.

Shule ikatoka. Watoto wakashuka mlima kwa fujo zao, walipomwona wakakimbilia gari, na mbele yao msichana mmoja mdogo wa darasa la pili, Zunairah, mwenye kifua cha pumu. Watoto wa shule ile walikuwa wamefundishwa kugonga kioo cha gari lolote linalonguruma. Avril mwenyewe ndiye aliyewafundisha, darasa baada ya darasa, na kuwasifu walipofanya. Zunairah akagonga kwa adabu, akainua uso.

"Tafadhali zima injini. Tunapumua hapa."

Kisha akaona aliyemgongea, akashtuka, akataka kurudi nyuma. Avril akacheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Kilipotulia akafungua kioo. "Umefanya vizuri sana, mpenzi," alimwambia. "Usimwogope mtu. Hata mimi." Akauzungusha ufunguo, gari likanyamaza. Wakakaa pale wameshikana mikono mpaka mtoto wa mwisho akavuka, halafu wakaondoka.

Alifariki siku kumi na moja baadaye.

Nilikwenda mazishini kwa sare, maana nilikuwa zamu. Watoto walijipanga kandokando ya Mill Brow yote. Baadaye, kwenye ukumbi wa kanisa, watu wanakula sambusa za nyama za hapa na kunywa chai, Norris alinivuta pembeni.

"Kile kichupa," alisema. "Kinapimwa kila mwezi, sivyo?"

"Kila mwezi."

"Niliacha kuegesha pale mwezi wa kumi na moja. Nataka kujua kama ile hewa chafu imeshuka. Utaniulizia?"

Ningeweza kumwambia siwezi. Nilimwambia nitauliza.

Binti wa ofisi ya mazingira alinifungulia majibu kwenye kompyuta yake mwezi wa tano. Mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Ilikuwa pale pale. Mwezi mmoja ilipanda kidogo. Nikamuuliza, na gari moja je, lenye kuegesha hapo robo saa au dakika ishirini kila siku? Akanitazama kwa huruma. "Gari moja halionekani humu hata ukilitafuta, Barry. Tatizo la kona ile ni malori ya ghala lililo juu huko, yanapanda mlima kwa gia ya kwanza mchana kutwa. Faini inasaidia shule nyingine. Pale inataka malori yapelekwe barabara nyingine." Alisema hivyo kama jambo la kila siku, na kwake lilikuwa la kila siku.

Nilitembea mpaka nyumbani kwa Norris kwa miguu ili nichelewe. Njia nzima nilikuwa natafuta uongo, na kila nilioupata ulikuwa mbaya kuliko ukweli. Nikimwambia imeshuka, nitakuwa nimemwambia wewe ndiye uliyemuua mkeo. Nikimwambia haijashuka, nitakuwa nimemwambia ulimnyima joto bure mpaka akafa. Hakukuwa na la tatu. Na vyote viwili vilitoka kwenye kinywa changu, siku ya mvua, kwa sababu nilikerwa.

Alikuwa jikoni. Amezidi kuwa mdogo, shingo imelegea ndani ya kola. Hakuniambia nikae.

"Imeshuka?"

"Haijashuka, Norris. Iko vile vile. Ni malori. Halikuwa gari lako. Hata robo yake halikuwa gari lako."

Alibaki ameshika ukingo wa meza. Nilidhani atafurahi, hata kidogo, hata kwa sekunde. Sijui nilidhani nini.

"Kwa hiyo angekaa kwenye joto," alisema.

"Ni kosa langu. Mimi ndiye niliyekwambia."

"Ndiyo," alisema, bila ukali. "Ni wewe. Na mimi niliyekuamini." Akavuta kiti akakaa, akaiweka mikono yake juu ya meza akaitazama. "Siku ile alipowasha mwenyewe. Hita ya gari lile inachukua dakika sita kupata moto. Nilikuwa naitazama saa. Mtoto aligonga dakika ya nne."

Nililia nikiwa nimesimama palepale, na Norris hakunifukuza wala hakunibembeleza.